Tulivyotaka Kumwoza Mwalimu Ili Asiondoke

Binti yangu hasikii. Naanza na hilo kwa sababu watu wakija kwangu hulizunguka. Wanauliza kama mtoto hajambo, kama anakula, halafu wanamkodolea macho masikioni kana kwamba kuna kitu kimekatika wakione. Hakuna. Alishikwa na homa tulipokuwa tumekimbia vita, tunalala kwenye hema upande wa Metuge, akiwa na miaka mitatu. Wakati huo alikuwa anajua kusema maji, nenda, na sitaki. Homa ilipoondoka, maneno nayo yakaanza kumtoka moja moja. Sitaki lilikuwa la mwisho.

Tuliporudi kwetu Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, tukaiezeka upya nyumba ya baba mkwe, na mtoto alipofika umri nikampeleka shule. Hawakumkataa, hilo nawapa. Walimweka dawati la nyuma karibu na dirisha, na mwalimu wa darasa, aliyekuwa na watoto wa kujaza madarasa mawili, akamwacha anakili ubao. Mwisho wa mwaka akaniita anionyeshe daftari. Mwandiko wa binti yangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake wote. Kila kilichoandikwa ubaoni kilikuwemo, mpaka tarehe, mpaka alama ya chaki iliyoteleza. Nikaweka kidole kwenye neno *casa*, nyumba, nikamwashiria: hii nini? Akatazama kidole changu. Nikaonyesha neno jingine. Akakitazama kidole tena, labda akidhani nimeumia.

"Ni mtulivu sana," mwalimu akaniambia. "Hasumbui."

Nilimshukuru, nikatoka. Hasira niliyotoka nayo siku ile sijaimaliza.

Nikaanza kwenda kwa mkuu wa shule. Si mtu wa kwetu, ametokea Zambézia, mpole, shati lake limepigwa pasi hata umeme ukiwa umekatika wiki nzima, sijui anafanyaje. Kila nikienda alinipa kiti na jibu lile lile: walimu waliosomea kufundisha watoto viziwi ni wachache nchi nzima, na wanaopangiwa huku wakisikia tu jina la mkoa wanaugua. Mmoja alipangiwa, akafika Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, akapiga simu kuuliza barabara ikoje. Hakusikika tena. Aliniambia hayo bila kucheka, nami sikucheka. Nikarudi wiki iliyofuata, nikakaa kwenye kiti kile kile.

Nadhani alichoka kuniona. Katikati ya mwaka uliofuata alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, nyuma yake mwanamke kijana mwenye begi mgongoni na beseni la plastiki kwapani. Akasema huyu ndiye mwalimu wa viziwi, ametoka Nampula, upande wa Nacala, nyumba ya shule haina paa, na sisi tuna chumba uani. Hakumalizia. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kufagia chumba.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Mwanamke yule akaweka beseni chini, akachuchumaa, akafanya kitu kwa mikono. Binti yangu akaangalia nyuma yake kuona nani anaambiwa. Hakukuwa na mtu.

Sote tukamwita profesora, wakubwa kwa wadogo. Alitembea mitaani mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiuliza kama kuna mtoto asiyesikia. Watu walikana, halafu mtoto akachungulia. Akapata sita, pamoja na kijana mkubwa aliyekuwa anashona nyavu na mjomba wake na hajawahi kukanyaga shule. Akapewa stoo ya zamani ya vitabu. Humo ndani hakukuwa na kelele ila miguu, maana viziwi wakitaka kuitana wanapiga sakafu.

Kitu cha kwanza alichowapa ni majina. Si majina ya kuandikwa. Kila mtu alipewa alama yake ya mkono. Binti yangu ni kidole juu ya kovu lililo kwenye nyusi. Mume wangu ni kuvuta ndevu. Mama mkwe ni kuchomeka kilemba. Halafu watoto wenyewe wakaanza kutupa sisi majina, na binti yangu akanipa langu: vidole viwili katikati ya nyusi, unakunja. Ndita. Profesora alipoliona aligeukia ukutani acheke. Mume wangu yeye hakugeuka.

Siku moja binti yangu alikuja jikoni akanivuta kanga, akaniambia, kwa alama ambazo nami nilikuwa nimeanza kuziokota kwake, kwamba jana paka alikula samaki na mimi nikamsingizia yeye. Jana. Alikuwa hajawahi kuwa na jana. Kabla ya hapo, kwa mtoto yule, kitu kilikuwa mbele ya macho au hakikuwepo kabisa. Nikamtazama paka. Nikaomba radhi, sikujua alama yake, nikampa kipande cha samaki.

Sasa, sisi watu wa pwani tunajua kumtunza mgeni, na profesora tulimtunza. Sahani ilitoka nyumba hii leo, ile kesho, imefunikwa kawa: wali wa nazi, pweza, mihogo ya kuchemsha. Hakuruhusiwa kuchota maji. Hakuruhusiwa kufua. Akishika ufagio mama mkwe anamnyang'anya. Tukaweka sahani, tukasalimia, tukaondoka tumwache apumzike. Wanawake wa mtaa walifurahi, wakasema kwa matunzo haya huyu haendi popote.

Mwaka ukapita, na nusu. Ndipo mume wangu akaja kutoka msikitini na habari kwamba profesora ameomba uhamisho. Mkuu msaidizi wa shule ndiye aliyemwambia. Ombi liko Pemba tayari, linasubiri kukubaliwa.

Sikulia. Nilikwenda uani nikatwanga mpunga ambao hatukuuhitaji siku ile. Watoto wa watu wengine wakikosa mwalimu wanakosa hesabu na Kireno. Wangu akimkosa huyu anarudi kwenye dawati la dirishani, kunakili tarehe.

Mama mkwe hakutwanga kitu. Aliita wenzake, wakakaa barazani na karanga, wakalichambua. Kwa nini mwanamke mzima, ana kazi, anakula vizuri, anataka kuondoka? Hawakuhitaji muda mrefu. Hana mume.

"Mwanamke hakai mahali kwa ajili ya stoo ya vitabu," mama mkwe akaniambia. "Atakaa kwa ajili ya nyumba yake. Tumwoze."

Nilimwambia hiyo ni akili ya zamani. Akaniuliza akili yangu ya sasa imeleta nini. Na ukweli ni kwamba nilipolala siku ile nilikuwa nimeshamtafutia mchumba kichwani.

Hatukwenda mbali. Mume wangu ana binamu aliyefiwa na mke, anauza spea za pikipiki sokoni, anaswali, hapigi kelele. Alipoambiwa akanyoa nywele siku hiyo hiyo. Shida ikawa posa. Posa hupelekwa kwa wakubwa wa mwanamke, na wa profesora wako Nacala. Baba mkwe akalitatua kwa dakika moja: anaishi kwenye ua wangu, anakula kwangu, basi mimi ndiye mkubwa wake. Hivyo ndivyo familia yetu ilivyotuma posa na familia yetu ikaipokea. Mama mkwe alitoka na sinia kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba, akaingia nalo kwa mlango wa uani, akamkabidhi shemeji yake, ndugu wa baba mkwe, na wote wawili wakaulizana hali kana kwamba hawakuwa wameamkiana asubuhi. Ndani ya sinia mlikuwa na kapulana mbili mpya, vitenge vya kujifunga, udi, sabuni, na sukari. Baba mkwe akasema amekubali. Kwetu msichana haulizwi kwanza. Anawekewa sinia kitandani, na akivaa nguo yake, ameridhia. Asipotaka, nguo inarudi imekunjwa vile vile. Kila mtu anajua hivyo.

Kila mtu wa kwetu.

Profesora alirudi kutoka shule akalikuta sinia kitandani. Ilikuwa wiki ya mwisho ya muhula, na kwao mwalimu hupewa kapulana kama asante. Kwao pia mjomba ndiye anayejibu mambo ya ndoa, na hayasemwi kwa kulaza nguo kitandani. Asubuhi akatoka uani ameivaa, ya njano yenye maua ya mkorosho, ameifunga vizuri. Akamshukuru mama mkwe kwa magoti mawili.

Mama mkwe akapiga kigelegele. Jirani akaitikia. Mtaa mzima kutoka kwetu mpaka shule ulipiga vigelegele, na profesora alipita katikati yake akitabasamu na kupunga mkono, akidhani ndivyo tunavyofunga muhula. Yule wa spea alikuwa amesimama mbele ya duka lake. Alimwinamia. Naye akainama.

Mimi nilikuwa nyuma yao, nampeleka mtoto. Nilipaswa kumwambia maana ya nguo ile. Nilihesabu kwamba labda mambo yatakaa sawa yenyewe, labda atampenda, watu wamependana kwa chini ya hapo.

Aliyesema ni binti yangu. Nilikuwa nimefika mlango wa stoo, nikamwona amesimama mbele ya mwalimu wake, anamwonyesha kapulana. Halafu akaanza. Kilemba kinachomekwa: bibi. Karanga. Wanawake wengi, midomo mingi. Ndevu: baba. Kisha akashika mipini ya pikipiki hewani, akaizungusha, akamwonyesha profesora kifuani, akaunganisha vidole viwili. Wewe na wa pikipiki. Akaeleza mpaka sinia lililotoka mbele likaingia nyuma. Alimwiga bibi yake anavyotembea, na kijana wa nyavu akacheka hadi akapiga sakafu.

Binti yangu alikuwa ameketi barazani muda wote tulipozungumza. Hatukupunguza sauti mbele yake, wala kuficha vidole tulivyokuwa tunaelekezea chumba cha profesora na upande wa soko, ya nini? Miaka yote hiyo tumeongea juu ya kichwa chake kama juu ya ukuta. Na sasa alikuwa amesimama hapo anapeleka habari, kitu ambacho mtoto yeyote wa Mocímboa anafanya kabla ya kifungua kinywa, na mimi mama yake ndiyo nakiona kwa mara ya kwanza. Sikujua nishangilie au nijifiche.

Profesora alinitazama juu ya vichwa vya watoto. Hakuja. Alifundisha mpaka kengele.

Mchana ule alirudi amevaa nguo zake za zamani. Kapulana ya njano ilikuwa imekunjwa, ingawa mikunjo haikuwa ile ya dukani tena, akaiweka ndani ya sinia na sukari yake na kuniletea jikoni. Akakaa kwenye kibao cha kukunia nazi bila kukaribishwa. Aliniita mana, kama wanavyomwita dada huko kwao.

"Mana, mimi nina mtoto."

Ana miaka sita, akasema, wa kiume, yuko Nacala kwa mama yake. Baba yake mtoto aliondoka, hilo halikumsumbua kulisema. Anazungumza naye kwa simu Ijumaa, na siku hizi mtoto anauliza kama anaweza kwenda kucheza sasa. Hapo ndipo alipoomba uhamisho.

Mwaka na nusu anaishi nyuma ya jiko langu, na sikulijua hilo. Mgeni hahojiwi. Nikaona suluhisho mara moja, nikamwambia amlete. Chumba kinatosha, atacheza na wangu, shule ipo.

"Hapa?" akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, na nadhani alijuta kabla neno halijamaliza kutoka. Alilala na sisi nje usiku mmoja wa Machi, watu walipokimbilia ufukweni kwa uvumi tu kwamba vita vimerudi, alibeba mtoto wangu mdogo mgongoni mwake. Anajua hapa ni wapi.

"Wangu yuko hapa," nikamwambia.

"Najua, mana. Ndiyo maana ombi nililiandika mwaka jana na nimelituma mwaka huu."

Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilianza kukuna nazi kwa mkono, bila mbuzi, maana mbuzi ameikalia yeye. Kisha nikamwuliza, kwa ukali, tulimkosea nini. Akafikiri. Akasema chakula kilikuwa kizuri. Kisha akasema: "Mnaweka sahani, mnafunika, mnaondoka. Kwa mwaka na nusu mtu ninayezungumza naye mpaka nikamaliza sentensi ni binti yako wa miaka minane. Mchana mkuu wa shule ananitoa kwa watoto wangu nikafundishe darasa la nne kwa sababu mwalimu wake naye hakurudi kutoka likizo. Nikiumwa, stoo inafungwa. Hakuna wa pili. Nikiondoka naua darasa, nikikaa namkosa mwanangu. Wangekuwepo walimu wawili hapa, au watatu, watu wa hapa hapa, mtu angeweza kwenda na kurudi."

Sinia nililirudisha mimi. Mama mkwe alikasirika siku tatu, si kwa sababu ya posa, bali kwa sababu profesora alikuwa na mtoto na hakuna aliyemwambia amtumie hata pipi. Binamu wa spea alipokea nguo zake, akasema Mungu ndiye mpangaji, akaoa Desemba mwanamke wa Mueda.

Nikarudi kwa mkuu wa shule kwenye kiti changu. Nilikwenda kumgombeza juu ya darasa la nne, na nilimgombeza. Alisikiliza yote. Akasema nina haki. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea, kwamba yeye pia ameomba uhamisho, ana mke na watoto Quelimane, ombi la tatu hili.

"Mama, sisi sote tuliotoka nje tutaondoka," akasema. "Si kwa ubaya. Nitafutie mtu wa hapa aliyemaliza darasa la kumi na mbili, aende chuo cha ualimu akasomee hili. Huyo hataomba kuhamia Quelimane."

Kisha akaanza kunitazama. Nilimaliza darasa la kumi na mbili Pemba, masomo ya jioni, tukiwa wakimbizi, na mtoto huyu huyu analala chini ya dawati. Yeye alilijua hilo. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa kujigamba, mara ya kwanza nilipokuja kumlaumu.

Nilitoka bila kuaga. Nilikasirika njia nzima. Kwenda Pemba miaka, kumwacha nani? Nikimchukua binti yangu, nakwenda kusomea kumfundisha huku nimemtoa kwa mwalimu pekee aliye naye. Nikimwacha, mimi nakuwa kama profesora na mwanawe. Nililizungusha hivi na hivi na kila upande lilikuwa na mtoto mmoja anayebaki.

Nilifanya mtihani wa kuingia chuo. Nilipita. Sina maelezo mengine.

Naandika haya bwenini Pemba, mwaka wangu wa kwanza. Tuko wachache tunaosomea lugha ya alama, na nusu ya wenzangu husema wazi kwamba wakimaliza watatafuta nafasi mjini. Siwalaumu na siwasemeshi sana. Mdogo nimekuja naye, ananyonya bado. Mkubwa amebaki kwa bibi yake, na kwa profesora, ambaye sasa anapika mwenyewe na kufua mwenyewe, na jioni mama mkwe anakwenda kukaa naye, anamwamuru akune nazi, anajifunza kwake alama za mboga. Ameniambia ni lugha nzuri kwa kusengenya.

Tunazungumza kwa simu ya picha, Ijumaa. Mama mkwe huishika, na kwa muda mrefu sioni kitu ila dari au kipaji cha uso cha mtoto. Mtandao ukiganda, mikono yake inasimama hewani katikati ya neno nami nakaa nasubiri neno liishe.

Ijumaa iliyopita alikuja profesora kwanza kwenye kioo. Uhamisho umekubaliwa. Atakaa mpaka mitihani ya mwisho wa mwaka, kisha anakwenda Nacala. Wa kumrithi hawajampata. Alikuwa anangoja nimtukane, nilimwona anavyojikaza. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo mengi, na stoo ile niliiona imefungwa kufuli. Lakini mimi nimeshajua Ijumaa inavyokuwa.

"Nenda kwa mwanao," nikamwambia. "Mpaka mitihani watoto uwafundishe kuandika vizuri."

"Mana."

"Nimekasirika. Nenda tu."

Akampa simu binti yangu. Alikuwa anajua tayari. Yeye hujua kila kitu siku hizi kabla ya baba mkwe. Akaniuliza, mwalimu akienda, wewe unarudi? Nikamwambia narudi. Lini? Miaka kwake bado haishikiki, kwa hiyo nilimhesabia kwa kitu anachokijua. Nikamwambia Ramadhani mbili, na kidogo. Akanyoosha vidole viwili, akaviangalia. Akauliza kama Ramadhani hizo mbili yeye atafunga, kwa sababu bibi anasema bado mdogo na yeye si mdogo. Nikamwambia tutazungumza na bibi. Akasema hapana, sitaki kuzungumza na bibi, nataka wewe useme sasa.

Nikasema atafunga nusu siku. Akasema siku nzima. Tukabishana hapo, mikono kwa mikono, mwenzangu wa bwenini ananiangalia, mpaka tukakubaliana adhuhuri mwaka huu na alasiri mwaka ujao. Akaitikia. Halafu alikuwa amemaliza nami, akamnyang'anya bibi yake simu, akakata.